Mia Moja Hapokei Jibu

Mwenyekiti wa LC 1 alikuwa anasoma kiuno changu. Tochi ameielekeza pale pale, miwani imeshuka hadi ncha ya pua, anafuata herufi moja moja kwenye lesu ya mke wangu niliyokuwa nimejifunga kwa haraka. Nyuma yake walisimama wanaume wa Kisaasi na mapanga, fimbo, na mmoja aliyekuja na ndoo, sijui ya nini. "Ha-si-di," akasoma, "ha-na sa-ba-bu." Akanyamaza. Akanitazama usoni, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mwanzo wa kesi: "Huyu Hasidi ndiye aliyekupigia?"

"Hapana, mwenyekiti. Aliyepiga ni mia moja."

"Watu mia moja?"

"Mmoja. Anaitwa mia moja."

Mkononi nilikuwa bado nimeshika mkono wa simu ya mezani. Waya wake wa kujisokota ulishuka hadi kwenye simu yenyewe, simu imeburuta waya mwingine, na mwisho wa msafara huo wote ilining'inia adapta ya intaneti, taa zake za kijani zimezimika karibu na goti langu. Sauti moja gizani ikasema kwa yakini: "Ameshaing'oa! Alikuwa anatoka nayo!" Nikatambua kwamba kuna watu pale ambao bado hawajaamua kama mimi ni mwenye nyumba au ndiye mwizi.

Niseme jambo lilivyofika huko. Simu ya sebuleni ililia saa tisa usiku. Kampala hii, simu ikilia saa tisa usiku huwa na habari moja tu: kuna mtu amefariki. Hakuna aliyewahi kuamshwa saa hizo kuambiwa kwamba amepandishwa cheo. Kwa hiyo unaruka kitandani, na kwa kuwa habari ya msiba haipokelewi ukiwa uchi, unajifunga kitu cha kwanza kinachokuja mkononi. Kilichokuja ni lesu. Sikuwasha taa ili watoto wasiamke. Nikawasha tochi ya simu ya mkononi, nikanyata.

Nikainua. Kimya. Na si kile kimya cha mtu anayevuta pumzi akitafuta maneno ya kuanzia, ni kimya kitupu kabisa. Kwenye kioo cha simu palisomeka 100. Nikaweka chini. Ikalia tena. Nikainua, nikanong'ona: "Nani?" Kimya. Ikalia tena. Mara hii nikasahau watoto, nikasahau kunong'ona, nikapaza sauti: "Sema! Sema unachotaka! Usiposema nakata!"

Sasa jiweke kwenye nafasi ya askari wetu wa usiku aliyeketi chini ya mwembe na rungu lake. Anaona mwanga wa tochi unatembea ndani ya nyumba yenye giza. Anasikia sauti nzito ya mwanamume ikimwamuru mtu aseme, la sivyo itakata. Mtu yeyote mwenye akili angepuliza filimbi, naye akaipuliza kwa mapafu yote aliyojaliwa. Mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Mageti yakaanza kufunguka. Nami, kwa nia njema ya kuonyesha kwamba hakuna neno, nikafungua mlango na kutoka kama nilivyo, na simu mkononi.

"Mzee, kumbe ni wewe," akasema askari, akionekana kusikitika kidogo.

Mwenyekiti akarudi kwenye jambo lake. "Mia moja naijua," akasema. Aliposema hivyo watu wakasogea. "Mia moja ni kampuni ya simu, huduma kwa wateja. Sote tunaipiga." Hapo alisema kweli: mitandao ya hapa Uganda hutumia 100 kwa huduma kwa wateja, na hakuna mtu mzima pale ambaye hajawahi kusikiliza muziki wake akisubiri. "Sasa," akaendelea, "wewe unawapigia wao. Wao wakikupigia wewe, tena saa tisa, ssebo, hilo ni deni."

Mnong'ono ukapita kwenye kundi, wa watu waliopata jibu. Mapanga yakashushwa. Nnalongo wa nyumba ya pili, aliyekuwa amepanda kitu upande wa pili wa ukuta ili kichwa chake kionekane, akauliza kwa sauti ya kufika barabarani: "Kumbe ni deni?" Mtu akamjibu kwamba ndiyo, ni deni. Paasita wa kanisa la mabati akapinga. Yeye alikuwa ameishika adapta, ameigeuza, amezitazama taa zake, akatangaza kwamba simu inayolia bila mtu haihusiani na deni, hayo ni mayembe, na kwamba mayembe siku hizi yameacha pembe na vibuyu, yanakaa kwenye umeme. Ukaanza mjadala. Nilisimama katikati yake nikishikilia fundo la lesu, huku wanazuoni wawili wakibishana juu yangu kama sipo. Hatimaye mwenyekiti akafungua daftari la kijiji, akaandika yote mawili: deni, na mashetani. Akaniomba nitie sahihi.

Nikatia sahihi. Saa tisa usiku, mbele ya mapanga, utatia sahihi chochote. Mke wangu alikuwa dirishani muda wote huo. Watu walipotawanyika alisema maneno mawili tu: "Lesu yangu."

Kulipokucha nikaanza kumsaka Mia Moja. Nakiri kwamba kwa saa kadhaa aibu ilinitoka kabisa, kwa sababu kitu chenyewe ni cha ajabu, na nashangaa kwamba tunakiweka juu ya kabati pamoja na dawa ya mbu bila kukiheshimu.

Adapta ya simu ya intaneti kazi yake ni kuidanganya simu ya zamani. Simu ya mezani haijui habari za intaneti. Yenyewe bado inaamini kwamba waya wake unakwenda hadi kwenye jumba la mitambo mjini, kama enzi za shirika la posta na simu. Inategemea kukuta volti zipatazo 48 kwenye waya ikiwa imetulia, na ili ilie inategemea mkondo wa umeme wa kwenda na kurudi unaokaribia volti 90, unaopiga mara 20 hivi kwa sekunde. Adapta inayatengeneza hayo yote ndani ya tumbo lake, ikitumia umeme mdogo wa chaja. Hata ule mvumo unaousikia ukiinua mkono wa simu kabla hujabonyeza namba hautoki kokote. Hakuna mtambo mjini unaokuvumia. Kisanduku chenyewe kinavuma, ili simu isishtuke ikajua kwamba dunia yake ilikwisha kitambo.

Ukisema "halo", sauti hiyo inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kinageuzwa kuwa namba, namba zinafungwa katika vifurushi 50 kwa kila sekunde, na kila kifurushi kinaandikwa anwani na kuachiwa kiende kivyake. Vinaweza kupita njia tofauti. Vinavyochelewa hutupwa, kwa kuwa mazungumzo hayasubiri. Ndiyo maana jioni intaneti ikielemewa, shemeji aliye Toronto husema "nimekutumia... elfu... Jumatatu", na ukoo mzima ukabaki kukisia ni elfu ngapi.

Na namba ya mpigaji? Hiyo husafirishwa kwenye nafasi kati ya mlio wa kwanza na wa pili, kama kijisauti cha mkwaruzo ambacho simu inakimeza na kukionyesha kama tarakimu kabla sikio lako halijakisikia. Kwa hiyo mtu anayeinua simu mlio wa kwanza, kwa pupa ya msiba, hajui ni nani. Anayesubiri wa pili anajua. Angalau anajua alichoambiwa.

Hilo neno "alichoambiwa" ndilo lililonifikisha kwa Mia Moja. Simu za intaneti zinaanzishwa kwa utaratibu uitwao SIP, uliochapishwa mwaka 1999 na kuandikwa upya 2002. Simu yenyewe huanza kama barua fupi ya mwaliko, maandishi ya kawaida ambayo hata mimi naweza kuyasoma: natoka kwa fulani, nakwenda kwa fulani, naomba tuzungumze. Na ule mstari wa "natoka kwa fulani" unajazwa na mpigaji mwenyewe. Umewahi kuingia ofisi yoyote ya Kampala ukapewa daftari la wageni pale getini? Jina, namba ya simu, saa ya kuingia, shughuli. Unaandika. Askari hasomi. Ukiandika kwamba wewe ni Kabaka na shughuli yako ni ya kiofisi, atakurudishia kalamu na kukuonyesha lifti. Mstari wa mpigaji kwenye simu ya intaneti ni daftari lile lile, na adapta yangu ni askari yule yule.

Anayetaka kujificha kwa heshima ana utaratibu wake. Mahali pa jina anaandika, kwa maneno mengine, "mimi sitajwi", na mtandao wake unabaki na jina la kweli kwenye makabati yake. Yaani asiyejulikana ni mtu aliyefuata sheria. Amejaza daftari, na penye jina ameandika kwamba hataki kuandika jina.

Mia Moja yeye hana habari na sheria. Mia Moja ni programu. Intaneti ya kawaida ina anwani zipatazo bilioni 4.3, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kompyuta moja yenye laini nzuri inaweza kuzigongea zote hizo kwa chini ya dakika 45. Wezi nao hujifunza. Usiku kucha wanazunguka dunia wakigonga mlango namba 5060, mlango ambao simu za SIP husikilizia, wakitafuta ofisi yenye mtambo wa simu na nywila dhaifu. Wakiupata, wanautumia kupiga kwenda kwenye namba za ng'ambo zinazotoza pesa nyingi kwa dakika, ambazo mapato yake wanagawana, na ofisi inapokea bili mwisho wa mwezi. Katika kugonga wanajaribu 100, 101, 1000, 1001, kwa sababu ofisi nyingi huanza kuhesabu simu zake hapo. Zana moja inayotumiwa sana katika ugongaji huo ilitolewa mwaka 2007 kwa ajili ya wakaguzi wa usalama, na ikibisha hodi hujitaja kuwa mkaguzi rafiki. Adapta yangu si ofisi, haina cha kuibwa, lakini imeletewa mwaliko kwa adabu. Inalia.

Ukiinua, hakuna mtu, na hajawahi kuwapo. Kabla sijalimaliza lile "Nani?" la kwanza, programu ilikuwa imeshafika Brazil. Kumbe nilisimama gizani nikikitishia kitu kisichokuwa na masikio, ambacho hakikunichagua, hakinichukii, na kilikwisha kuniandika kama mahali pasipo na faida. Ningeona afadhali lingekuwa deni.

Kwa nini niwe mimi, wakati nyumba nyingi za Kampala zimejificha nyuma ya anwani moja ya kampuni ya intaneti na haziguswi? Kwa sababu ya fundi. Nilikuwa nimelalamika kwamba nasikia watu lakini wao hawanisikii, ugonjwa wa kawaida wa simu hizi zikiwa nyuma ya kisanduku cha Wi-Fi. Fundi akaja, akachungulia, akaitoa adapta nje ya ukuta wote wa ulinzi ili vifurushi viingie na kutoka vipendavyo, akapokea pesa yake na kuondoka na boda. Sauti ikawa safi kweli. Mlango ukawa wazi kwa sayari nzima.

Nilipomweleza habari za Mia Moja alinijibu kwenye simu bila kufikiri: "Boss, weka block ya wasiojulikana." Kitufe hicho kipo. Unainua simu, unabonyeza nyota tatu, halafu 02, na mwanamke wa Kiingereza anayekaa ndani ya adapta anakusomea anwani yake tarakimu kwa tarakimu, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. Watoto walikusanyika kumsikiliza. Wanampenda. Unaiandika anwani kwenye kompyuta, unatoa nywila, ambayo kwa kawaida ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani na ambayo wezi wote wanaijua, na mbele yako unafunguka ukurasa wenye mistari mingi kuliko fomu ya kuomba pasipoti. Katikati yake umo mstari wa kukataa simu zisizo na jina. Ndiyo au hapana. Nikachagua ndiyo. Tangu hapo, yeyote atakayefika ameandika kwamba hatajwi anarudishiwa jibu namba 433, ambalo ukiliondolea adabu maana yake ni: hatupokei watu wa aina yako.

Nikalala kwa raha. Saa tisa usiku ikalia. Kioo kikaonyesha 1001.

Ni wazi ukishalifikiria. Kitufe kinamtafuta aliyesema "sitajwi". Mia Moja hajasema hivyo hata siku moja. Yeye anajitaja vizuri tu, kwa tarakimu, kwa kujiamini, kama wale vijana wanaopiga kusema wametuma pesa kwako kimakosa. Mwongo ana jina. Kitufe kinampisha mwongo na kumfungia nje mtu aliyesema ukweli kwamba anajificha.

Na huyo mtu alikuwapo. Binti wa dada yangu anafanya kazi za ndani Riyadh, kama maelfu ya mabinti wa nchi hii. Simu yake inashikwa na mwenye nyumba, anapewa akipewa. Kwa hiyo hupiga kwa simu ya kuazima, usiku, kupitia laini za bei rahisi zinazozunguka nchi tatu kabla ya kufika, na katika mzunguko huo namba hupotea njiani. Kwetu hufika bila jina. Kitufe changu kikamjibu 433. Yeye hakuona 433. Alisikia mlio wa simu yenye shughuli, akajaribu tena, akasikia tena, mpaka mwenye simu akaihitaji. Ujumbe wake ulinifikia kwa kupitia kundi la WhatsApp la kanisa la dada yangu, mbele ya watu wote: "Mjomba, mmenikataa?"

Nikakizima kitufe usiku ule ule.

Mengine yalifuata. Fundi aliporudi alikuwa anachuna waya wa simu kwa meno wakati Mia Moja anapiga. Sasa anatumia koleo. Paasita alikuja kuiombea adapta na intaneti ikakatika kwa jioni nzima, jambo analolihesabu kuwa ushindi. Nnalongo amekataa kunikopesha sukari.

Lakini kuna jambo linalonikaa kooni, na si kicheko. Nchi hii imetusajili. Ilitungwa sheria mwaka 2010, na tangu Machi 2012 tukapanga foleni kuandikisha laini zetu za simu, picha tukapigwa, fomu tukajaza. Aprili 2017 tukapewa siku 7 kuzihakiki upya kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na wazee wakabebwa kutoka vijijini kuja kusimama juani kwa ajili ya laini ya kupokelea pesa ya dawa. Siku zikaongezwa baadaye, baada ya jua kuwaka. Hoja ilikuwa moja: asiwepo mpigaji asiyejulikana. Leo mimi najulikana hadi alama za vidole. Anayenipigia kuniambia nimeshinda bahati nasibu ambayo sikucheza hajulikani. Tukienda kuripoti tunaulizwa kitambulisho chetu.

Na usiseme hapakuwa na sheria. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011, kifungu cha 25, ilimlenga kabisa Mia Moja: mtu anayerudia rudia kutumia mawasiliano ya kielektroniki kuvuruga amani na utulivu wa mwenzake bila shabaha halali, hata kama hakuna mazungumzo yaliyofuata. Hata kama hakuna mazungumzo! Utadhani aliyeiandika alikuwa amesimama sebuleni kwangu. Faini ilikuwa hadi vipimo 24 vya fedha, yaani shilingi 480,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sasa jaribu kukumbuka mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa kuwaamsha watu saa tisa. Wale tuliowasikia redioni walikuwa wameandika jambo juu ya mkubwa fulani. Amani iliyovurugwa ilikuwa ya wakubwa, na wakubwa simu zao hupokelewa na watu wengine. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu hicho kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno, na ilifanya vyema. Ila kimekwenda bila kunilinda hata usiku mmoja.

Kijana wa jirani, anayesoma kompyuta Makerere, alinikumbusha kwamba dawa kamili dhidi ya Mia Moja imeshawahi kujaribiwa hapa. Usiku wa tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarudishwa tarehe 18. Siku hizo hakuna mkaguzi rafiki kutoka pembe yoyote ya dunia aliyeweza kugonga mlango wowote Uganda. Wala benki, wala daktari, wala binti wa Riyadh. Ni kitufe kile kile changu, alisema, ila cha serikali ni kikubwa.

Kijana huyo huyo ndiye aliyeniponya, kwa malipo ya rolex mbili, zile chapati za mayai, na soda. Aliirudisha adapta nyuma ya ukuta, akaipa mlango mwingine badala ya 5060, akaibadili nywila ya kiwandani, kisha akashuka ukurasani hadi kwenye mstari mmoja ambao fundi hakuwahi kuufikia: adapta ipokee mialiko kutoka kwa mtambo wa mtoa huduma wangu peke yake, na barua nyingine yoyote iachwe nje bila kujibiwa. Mstari huo haumuulizi mpigaji jina. Unauliza amepitia geti gani. Kwa hiyo sasa wasiotajwa nawapokea wote, karibuni sana, saa yoyote. Ninaowakataa ni wanaojitambulisha kwa tarakimu safi. Mia Moja, kama anapiga bado, hapokei hata jibu la kumkataa. Simu ya Riyadh inaingia.

Lililobaki lilikuwa bili. Mtoa huduma wangu ameiorodhesha "Kuzuia Wasiojulikana" kama huduma ya ziada ya kila mwezi, na anaendelea kunitoza ingawa kitufe nilikizima mwenyewe. Jana nikainua simu ile ile, kwa adapta ile ile waliyoniuzia wao, nikawapigia kulalamika. Mlio mmoja, miwili, kisha sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, yenye upole mwingi, ikanieleza kwamba namba yangu haikuonekana na kwamba, kwa usalama wa wateja, ofisi haipokei simu za watu wasiojulikana.